Mahali Hapo

Jumatatu, 5 Mei 2025

Umeme umekatika tena chuoni, projekta imezima. Mwalimu Masalu akatupa kazi kwa mdomo: insha, halafu kila mtu aprezenti mbele ya darasa. Mada — mabadiliko ya mahali katika jamii za wachimbaji wa Geita. Nimeandika kila neno, mkono unauma.

Insha ya kwanza nilifeli. Pembeni aliandika: umenakili kila kitu, hujasikiliza chochote. Iliniuma! Nikifeli na hii, mtihani wa mwisho siruhusiwi, narudia mwaka. Na Mama ameshatangaza mtaa mzima wa Kambarage kwamba nahitimu.

Jilala, jirani yangu wa dawati, aliandika mistari michache tu. Muda wote anamtazama mwalimu kama anatazama mpira. Shauri yake.

Jumatano, 7 Mei

Nimenakili notsi upya, kwa kalamu za rangi. Zimependeza! Mwalimu ni Msukuma hasa, ngeli zinamteleza: "mahali hiyo", "mahali inalipwa". Nimemsahihishia kimyakimya — mahali hapo, mahali panalipwa. Babu yangu alitoka Pangani. Kwa Kiswahili sibabaishwi.

Sehemu moja tu inanisumbua: "Zamani mahali palikuwa ng'ombe, siku hizi ni dhahabu." Malisho yaliyogeuka machimbo, nadhani. Nikamwambia Jilala twende tukamuulize mwalimu. Akashangaa: tukaulize nini, kwao Wasukuma jambo hilo wanazaliwa nalo. Nikaona haya. Sikwenda.

Jumamosi, 10 Mei

Geita, kwa mama mdogo Safiya. Mumewe ana duara lake, yaani shimo la kuchimbia. Nikamwamkia, nikamuuliza mahali hapa pamebadilikaje. Akanizungusha juani: hapa palikuwa na pamba, pale walilisha mifugo. Nimejaza kurasa.

Mama mdogo akauliza, hivyo ndivyo mnavyosoma chuoni, kuulizana palikuwa na nini? Nilicheka. Nikafungua ukurasa mwingine.

Jumanne, 13 Mei

Nimemaliza. Nimeisoma tena na tena, kosa silioni. Mbona basi naifungua tena?

Ijumaa, 16 Mei

Naandika hapa hapa darasani, dawati la nyuma. Mwenzetu Apolonia ametangulia kuprezenti. Kaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAHARI — KUTOKA NG'OMBE HADI DHAHABU.

Mahari! Ya kuolea!

Ya Rabi. Mwalimu "r" haimtoki, kila siku tunamtania kwa hilo, na mimi nikasahau. Na ngeli zake zilikuwa sawasawa — mahari hiyo, mahari inalipwa. Jibu lilikuwa mbele yangu, nikalifuta kwa kumsahihisha. Mjukuu wa Pangani!

Jilala kaniona nimekauka, kanong'ona nina nini. Nikamwonyesha kichwa cha insha yangu. Kajiziba mdomo, mabega yanatikisika — anacheka, mshenzi! Kisha akaona machozi, akaacha. Anasema ninyooshe mkono, niseme ukweli, niombe muda. Ukweli upi? Kwamba mwalimu hajui kutamka? Au kwamba nilinakili kila kitu, sikusikiliza chochote? Hilo alishaliandika mwenyewe.

Naogopa. Naogopa kweli.

Apolonia anapigiwa makofi. Mwalimu anashusha kalamu kwenye majina. Ameinua macho.

"Zakia, njoo utueleze mahali."

Wallahi, hata sasa nimesikia mahali.