Kiungulia Nilichomficha Daktari

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Mlango wa kijani.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Bonge Dogo,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo kiasi, na hicho "kiasi" ndicho kilichonikalisha niandike barua badala ya kukupigia simu. Magoti yako yanaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi za bweni na sufuria mikononi? Na pumzi je, imetulia, au bado unasimama katikati ya ngazi ukijifanya unafunga kiatu? Mpishi mkuu wenu ameacha kununa? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Huku tu wazima. Mama yako mkubwa yuko vilevile, anaendesha nyumba nzima bila kuinuka kitini. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya asubuhi kwenye magari ya maji, kwa hiyo sasa tunaonana kama watu waliooana. Mwanangu Bosi ametimiza miaka miwili na nusu, ameota magego na ukaidi kwa pamoja. Juzi alichukua mkasi niliousahau kitini akakata mkono wa blauzi ya mteja. Nilimwambia mteja ni mtindo mpya. Kaupenda, anataka na wa pili ukatwe.

Nimecheka vya kutosha, sasa nisikilize.

Ujumbe wako ulinifikia Jumanne nikiwa napiga pasi. Umesema tarehe mbili mwezi ujao unaonana na daktari mpasuaji, na kwamba huna haja ya kuumiza kichwa maana umeshaamua: "Nataka ileile ya dada." Nilisoma maneno hayo mara tatu, pasi ikiwa juu ya kola. Kola iliungua.

Ileile ya dada. Mdogo wangu, sijawahi kukueleza ile ya dada ilipatikanaje. Kosa langu kwako liko hapo.

Mwaka juzi, Bosi akiwa na miezi kumi, nilikaa mbele ya daktari nikiwa na kilo mia na ishirini na nane, sukari imepanda, magoti yanalia kama bawaba. Daktari alikuwa mtu mpole, miwani kwenye ncha ya pua. Akageuza fomu akachora michoro mitatu nyuma yake.

Mchoro wa kwanza ulikuwa pete ya mpira inayofungwa juu ya mfuko wa chakula ili tonge lipite kidogokidogo. Nikasema moyoni, huo mpira wa kiuno naujua: leo umekaza, kesho umelegea, keshokutwa mtu yuko mlangoni anataka ubadilishwe. Naye daktari akasema siku hizi hawaipendi sana, wengi hurudi kuitoa.

Wa pili, wanakata mfuko wa chakula kwa urefu. Sehemu kubwa inaondolewa, inabaki kama mkono mwembamba wa gauni. Hapo nikakaa sawa. Kupunguza! Si ndiyo kazi yangu? Kila siku naletewa nguo pana, naibana ubavuni, na hakuna anayejua iliwahi kuwa pana.

Wa tatu, wanatenga kijifuko kidogo juu, kama yai, halafu wanavuta utumbo na kuuunganisha hapo, chakula kipite njia ya mkato. Na baada ya hapo ni vitamini kila siku na kupimwa damu maisha yako yote. Mimi nikaona viraka. Nikaona mishono miwili mahali ambapo mmoja ungetosha. Nguo hufumukia kwenye kiungo, muulize fundi yeyote.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilichagua mfuko wangu wa chakula kama ninavyochagua mshono, nikasahau kwamba kitambaa hakitoi maji makali. Tena hata kwa ufundi wenyewe nilikosea, maana fundi mwenye akili huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, siku mtu akinenepa aifumue. Mimi sikuuliza kama kile kinachokatwa kitabaki akiba. Hakibaki. Kikitoka kimetoka.

Lakini kuchagua kijinga kungesamehewa, daktari angenisahihisha. Ila nilimfungia mlango mwenyewe.

Siku ya pili ya kuonana naye nilikaa kwenye benchi na mwalimu mmoja wa chekechea, mwenzangu kwa umbo, tumejaza benchi wawili tu mahali pa watu wanne. Akaniuliza, "Shoga, unataka ipi?"

"Ya kupunguza."

"Basi wakikuuliza kiungulia, wewe umekisikia redioni tu. Ukikubali, wanakuhamishia kwenye njia ya mkato. Au wanakumezesha kamera na kukurudisha nyumbani miezi mitatu."

"Lakini ninacho."

"Nani hana? Mimi ninacho tangu shule. Sema hapana, uingie, utoke umependeza."

Nawe unajua kwetu. Kwetu kiungulia si ugonjwa, ni mtu wa ukoo. Bibi alikuwa nacho, mama anacho, mama mdogo anacho, na mwenye mimba akilalamika anaambiwa mtoto ana nywele nyingi. Mimi niliungua miezi tisa, Bosi akazaliwa na upara.

Basi daktari akauliza, "Kiungulia je? Moto kifuani, maji machungu kupanda kooni?"

Nikamtazama machoni. "Hapana, daktari."

Shemeji yako alikuwa pembeni yangu, na yeye ndiye aliyekuwa akininunulia vile vidonge vya kutafuna. Akanigeukia, mdomo umeshafunguka. Nikamkanyaga mguu. Akaufunga mdomo. Mpaka leo anajilaumu kwa kunyamaza kwake, wakati mkanyagaji ni mimi.

Nisiwe mnyimi wa shukrani. Upasuaji ulinifaa. Nimefika kilo themanini na nne, vidonge vya sukari nimeachishwa, na nikipiga magoti kupima pindo la mteja nainuka bila kushika meza. Kwa hiyo sisemi usifanyiwe. Ningekuwa nakuonea wivu wa pumzi, na pumzi ni haki yako.

Ila tangu mwezi wa tatu baada ya kushonwa, kiungulia kile kilichokuwa kikija kama mgeni kimekuwa mwenye nyumba. Nikiinama kwenye cherehani maji ya moto yananipanda hadi puani. Sauti imekwaruza, wateja wanadhani nina mafua ya mwaka mzima. Daktari wa meno ameniuliza kama nanyonya ndimu. Chakula nilichokuwa nakiogopa kwa kuninenepesha, sasa nakiogopa kwa kuniunguza.

Na silali chini tena. Silali chali, silali ubavu, nalala nimeketi kama mlinzi. Bosi akitaka usingizi wake wa mchana anapigapiga godoro kwa kiganja, "Mama, lala hapa." Nakaa kwenye kiti pembeni, nauning'iniza mkono mpaka kitandani, yeye anashika kidole kimoja. Watoto wa watu hulalia vifua vya mama zao. Wangu hulalia kidole. Majuzi alinivuta kwa nguvu, nikajaribu kumridhisha, nikalala naye dakika tano nikabana meno. Nikaamka mbio, nikafikia ndoo. Naye akaja nyuma yangu akanipigapiga mgongo, kama ninavyompiga yeye akipaliwa. Siku hiyo, mdogo wangu, nililia kama nimefiwa.

Sasa fikiria zile picha. Gauni la bluu, mkono kiunoni, nimesimama mbele ya mlango wa kijani. Ulizionyesha jikoni kwenu kote, ukaniandikia, "Dada, umetutoa kimasomaso." Nilisoma hayo nikiwa nafuta mdomo. Ningeweza kukuambia saa ileile. Lakini watu walikuwa wakija dukani si kwa nguo tu, bali kunitazama, na mimi nilikuwa sijawahi kutazamwa kwa wema tangu utoto. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, tuliitwa pamoja yale majina. Nikanogewa. Daktari nilimdanganya kwa neno moja, wewe nikakudanganya mwaka na zaidi kwa picha, na wewe ndiwe uliyeniamini zaidi.

Mwezi uliopita nilirudi kwa daktari yuleyule nikasema yote. Walinipitishia kamera kooni, kimpira chenye taa, si jambo la kutisha kama nilivyoambiwa kwenye benchi. Koo langu kwa ndani limechubuka. Akaniuliza, "Kilianza lini?"

"Tangu nina miaka kumi na saba, daktari."

Akavua miwani, akaiweka juu ya faili langu. "Mama, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akavaa miwani, akaendelea kuandika. Afadhali angenigombeza.

Vidonge vya kupunguza makali nimemeza vya kila aina, havifui dafu. Kwa hiyo tarehe ishirini Aprili naingia tena chumba cha upasuaji, wanibadilishie. Wananifanyia hiyo njia ya mkato niliyoikimbia. Safari hii ni ngumu zaidi kwa sababu ndani kuna kovu la kwanza, na daktari hakunificha hilo. Naogopa. Siogopi maumivu, nimezaa. Naogopa Bosi kupiga godoro akiniita na mimi nisiwepo. Ningesema kweli siku ile, ningepasuliwa mara moja na mambo yakaisha. Hakuna aliyenitenda haya. Najutia ulimi wangu mwenyewe.

Sasa tuje kwako. Kiungulia unacho. Usinibishie! Tumelala kitanda kimoja kwa bibi miaka sita. Mito yote miwili ilikuwa yako, mimi nikabaki na shuka iliyokunjwa, kwa sababu ukilala bila kuinuliwa kichwa unaungua. Nani aliyekuwa akitafuna chaki darasani mpaka mwalimu akadhani kwenu hakuliwi? Na ujumbe wako wa mwezi wa kwanza, ule wa "mchuzi wa leo umenichoma kifua mpaka nikakaa kwenye gunia la viazi," bado ninao kwenye simu. Unacho kama mimi, tumekirithi kutoka mtungi mmoja.

Kwa hiyo sikuombi, nakuamuru, na ukubwa wangu kwako leo nautumia wote. Ukikaa mbele ya daktari mwambie unacho. Mwambie tangu lini, mwambie na mito. Wakisema umeze kamera, meza. Wakisema subiri miezi mitatu, subiri. Ngazi za bweni zitakusubiri, hazina miguu. Wala sikwambii uchague ipi. Mimi ni fundi wa nguo, na umeona ufundi wangu uliponifikisha. Pengine wataona ya kupunguza inakufaa, pengine njia ya mkato. Wachague nawe wakiwa wanajua kila kitu. Na ukiniona nimependeza pichani, kumbuka picha haionyeshi koo.

Najua utakachofanya. Utasoma barua hii, utalia kidogo, utaniandikia "Sawa dada," halafu ukiona koti jeupe utabana mdomo. Ni damu moja, nakujua. Ndiyo maana kwenye bahasha hii kuna karatasi ya pili, fupi. Mpe daktari kabla hujaketi. Usipompa nitajua, maana namba ya mpishi mkuu wenu ninayo, na yule anayenuna hasemi uongo.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana, anasema ule shibe yako na uache kusikiliza watu. Nimemweleza kuhusu tarehe ishirini. Akanyanyuka kitini mwenyewe kwenda kunichemshia maji, ndipo nikajua ameogopa. Shemeji yako anakusalimu. Bosi amechora mstari pembeni hapo, anasema ni wewe. Nisalimie mama mdogo mkizungumza, na umwambie naye akapimwe koo, hizo si nywele za mtoto.

Mungu akulinde kwenye kila ngazi unayopanda, akupe daktari msikivu, na akupe wewe mdomo mwepesi wa ukweli kuliko niliopewa mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku zile nilipokuficha,

Bonge Kubwa
(mwili umeondoka, jina limegoma)


Karatasi ya pili

Kwa daktari wa mdogo wangu,

Salamu. Huyu aliyekupa karatasi hii ana kiungulia tangu akiwa na miaka kumi na minne, na halali bila kuinua kichwa. Mama yake anacho, mama yangu anacho, nami ninacho. Mimi nilikikana mbele ya daktari wangu, nikafanyiwa upasuaji usiomfaa mwenye kiungulia, na sasa napasuliwa tena. Kosa halikuwa lake.

Ukimuuliza, atacheka na kusema hapana. Tafadhali, muulize tena.