Yah: Ombi la Kuiazima Sauti Yako

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Ninafahamu fika kwamba marahaba yako haitanifikia, lakini sijapata kukuandikia jambo lolote pasipo kutanguliza salamu, na sioni kama kifo chako ni sababu ya kutosha ya kuuvunja utaratibu huo.

Nakuandikia nikiwa barazani pangu Mwembesongo, kwenye meza ileile ninayowaandikia watu maombi yao. Asubuhi hii nimekwisha kumwandikia mama mmoja malalamiko kuhusu mpaka wa shamba, na bwana mmoja ombi la uhamisho. Sasa ni zamu yangu. Jambo lenyewe ni hili. Uliondoka kabla ya kutimiza ahadi uliyompa mjukuu wako Rehema, kwamba siku atakapotolewa mwali, wewe ndiwe utakayemwimbia. Mwanao Zuhura akataka umwimbie hivyo hivyo, kwa njia ya kompyuta. Ruhusa akaja kuiomba kwangu. Ni haki yako kujua niliamua nini, na kwa sababu gani.

Studio ya Zuhura unaikumbuka, kile chumba nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Siku uliyopelekwa kuiona, ulizitazama trei za mayai alizobandika ukutani ili kuzuia mwangwi, ukamwuliza, "Na kuku mnawafuga wapi?" Trei bado zipo. Humo ndimo alimonisimulia kwamba imepatikana programu inayoimba. Simaanishi redio, wala kinasa sauti. Unaiandikia maneno, unaionyesha tuni, nayo inayaimba maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaimba. Na ukiilisha sauti ya mtu fulani, itaimba kwa sauti ya mtu huyo.

"Mjomba," aliniambia, "nataka kumwimbisha mama."

Nilimtaka alete ombi lake kwa maandishi. Akanitumia ujumbe wa simu wenye mstari mmoja na picha ya mikono iliyofumbatwa. Nikaukataa. Alikasirika, Dada, akasimama hapa barazani mbele ya wateja wangu: "Mjomba, ni mama yangu huyo! Niandike barua kama naomba kibali cha kujenga choo?" Nikamjibu kwa upole kwamba ni mama yake, naam, lakini mtu wa kwetu Uluguru ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na anayesimama kwa niaba ya ukoo huo ni mjomba. Jembe lako, kanga zako, hata jina lako, havikupewa mtu mpaka tulipokaa kikao. Sikuona ni kwa nini sauti yako ipitie mlango mwingine. Aliondoka akisonya. Kesho yake barua ikaja, na nilipoisoma niligundua kwamba alilia alipokuwa akiiandika. Karatasi ilikuwa imevimba mahali fulani.

Hata hivyo, mimi si mtu wa kuamua jambo nisilolijua. Nilimwomba Zuhura anionyeshe chombo chenyewe kabla sijatoa neno. Nikawa ninafunga meza yangu baada ya swala ya alasiri na kwenda kuketi studioni. Nakiri kwamba nilikwenda kama mkaguzi, lakini baada ya siku chache nilikuwa nikienda kama mtu aendaye kutazama mpira.

Kwenye kioo cha kompyuta tuni huonekana kama matofali madogo yaliyopangwa kwa ngazi. Tofali la juu ni sauti ya juu, la chini ni sauti ya chini, refu ni la kuvuta na fupi ni la kukata. Chini ya kila tofali unaandika silabi moja. Ukibonyeza, mwanamke anaimba. Zuhura anasema ni mama mmoja wa nchi za mbali aliyeketi chumbani akaimba vipande vipande vya sauti, kisha vikafumwa kwa hesabu. Hajui Kiswahili hata neno moja, lakini lugha yetu inamkaa vizuri ajabu, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, naye anaipenda irabu kama mtoto apendavyo sukari guru. Anapokwama ni kwenye ng'ombe na mbuzi. Zuhura humdanganya kwa kulikata neno vipande, ndipo mbuzi anapita.

Nilitaka kujua kila kitu. Nilimwuliza Zuhura ni nani anayempa pumzi. Akanionyesha kwamba hana pumzi mpaka umpe. Alilivuta tofali moja la "aaa" mpaka likavuka ukingo wa kioo, na yule mama akaimba, akaimba, nami nikajikuta nimeishiwa pumzi kwa niaba yake. Kuna kitufe cha kuitetemesha sauti. Kuna kingine cha kuifanya ya kizee au ya kitoto. Nilikizungusha mwenyewe, na yule mama akazeeka mbele yangu katikati ya neno "karibu". Nilicheka mpaka fundi wa dukani akaja kuchungulia.

Kisha nikatoa mfukoni ule wimbo niliomtungia Rehema. Unaufahamu. Nilikusomea beti zake kule Bigwa wakati ukipalilia mchicha, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Karani, hapa unamwimbia mtoto au unamwandikia hakimu?" Ulikuwa ukiniita Karani tangu nilipojifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Hukuwahi kuimba wimbo wangu kama nilivyouandika. Ulikuwa ukipokea karatasi kwa heshima zote, kisha mbele ya watu unaimba nusu yake. Pale nilipoandika "ewe binti mtukuka, zingatia kwa makini maelekezo uliyopewa na wakubwa wako", wewe ungeimba nini? Sikujua, kwa kuwa hukufika.

Yule mama wa kompyuta aliimba vyote. Ewe, akaimba. Mtukuka, akaimba. Maelekezo, akayapanda ngazi zote tano bila kulalamika. Dada, nilijisikia fahari ambayo sijapata kuihisi. Kwa mara ya kwanza maneno yangu yaliimbwa yote, kama yalivyo, hakuna hata koma iliyodondoka. Nilimwomba Zuhura aurudie.

Ikabaki sauti yako. Hapo tulipata shida, kwa sababu programu inataka sauti tupu, isiyo na jirani. Zuhura alipekua simu za ndugu wote, akakusanya video za kila pahali ulipoimba. Hukuwahi kuimba peke yako! Kila pahali kuna mtu. Kuna vigelegele, kuna sufuria, kuna mvua ya kwetu ikipiga bati, kuna jogoo wako anayeitikia mahali pasipomhusu. Kuna chombo kingine kinachochuja, nacho kikawaondoa wote mmoja mmoja. Akaondoka jogoo, ikaondoka mvua, wakaondoka wanawake wa Bigwa. Ukabaki wewe. Nilipokusikia umebaki hivyo, nilitaka kuwaita wale wengine warudi.

Zuhura alitengeneza mstari mmoja tu wa majaribio, ule wa "zingatia kwa makini". Akabonyeza.

Ilikuwa sauti yako. Sitaidharau kazi ya mtoto: ile mikwaruzo ya chini, na lile neno unalolivuta kidogo mwishoni kana kwamba unalivua kiatu, vyote vilikuwepo. Zuhura alinigeukia uso ukiwa umelowa, akasema, "Si yeye, Mjomba? Si yeye?" Nami nilikuwa nikingoja. Nilingoja ukatae. Nilingoja usimame kwenye "maelekezo" na kuniuliza kama hakimu amekwisha kufika. Ukaimba mpaka mwisho, kwa utiifu. Miaka yote hiyo nilidhani ninachotamani ni dada atakayeimba nilichoandika.

Nikarudi nyumbani na barua ya Zuhura mfukoni, bila uamuzi. Kuikataa kulikuwa rahisi, lakini kungemwumiza mtoto aliyemtafuta mama yake kwenye simu za watu. Kuikubali kulimaanisha kwamba utaimba chochote, kwa yeyote, siku zote, wala hutakataa tena.

Aliyenifumbua macho ni mtani wetu Mnyamwezi, Bi Tatu, na hakujua kama ananifumbua. Alipita barazani kwangu na kikapu chake akanipigia kelele, "Mluguru! Bado mnakula ndizi mbichi huko mlimani?" Nikaikumbuka siku ya msiba wako. Ilikuwa haki yake ya utani, na aliitumia yote. Aliivaa ile kanga yako yenye tundu, akafunga kilemba chako upande, akakaa mlangoni mkono kiunoni, akawakaripia wapishi kwa sauti yako: "Nyie, wali huo mnaupika au mnaufua?" Watu walicheka huku kamasi zikiwatoka. Mimi mwenyewe nilicheka, nami nilikuwa sijala tangu jana yake. Haikufanana na sauti yako hata kidogo, Dada. Bi Tatu ana sauti ya debe. Lakini ulikuwa wewe, kwa sababu ulikuwa unakaripia. Na jioni tulipokwisha kuikomboa kanga kwake kwa kuku, aliivua kanga, akaikunja, akampa Zuhura mkononi. Akawa Bi Tatu tena, nawe ukawa umekwenda.

Basi nilijiuliza swali moja tu. Kompyuta itaivua kanga lini?

Nikaketi nikamwandikia Zuhura jibu rasmi. Ombi limekubaliwa, kwa masharti. Sauti ya marehemu itaimba mara moja, siku ya kumtoa mwali, mbele ya watu waliomjua. Jioni ya siku hiyo sauti hiyo itavuliwa, yaani kufutwa kwenye kompyuta pamoja na vipande vyote ilivyolishwa, isipokuwa picha za video zenyewe, ambazo zitatunzwa pamoja na jogoo wake aliyemo. Zuhura alisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Mara moja, Mjomba?" Nikamwambia, mtani alipewa siku moja. Akatia saini.

Wanawake wa Bigwa walijifunza itikio kwa kumsikiliza yule mama wa ng'ambo kwenye simu ya Zuhura. Nilipata habari kwamba walimsumbua sana. "Huyu hamezi mate?" "Mwulizeni kama kaolewa!" Lakini tuni waliishika upesi kuliko walivyowahi kuishika kwangu, maana huyo harudii kwa hasira.

Siku ikafika. Rehema alitolewa nje amefunikwa kanga mpya, kichwa chini, amepakwa mafuta anang'aa kama embe lililofutwa. Milima ilikuwa imevua ukungu wake mapema. Spika ya Zuhura ilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akabonyeza, nawe ukaanza kuimba uani kwako.

Wanawake wote waliigeukia spika. Yuko aliyeketi chini. Ukaimba "ewe binti mtukuka", na nikamwona Rehema akitetemeka chini ya kanga. Ukaimba "zingatia kwa makini". Ukaanza kuyapanda maelekezo.

"Weee!" Ilikuwa sauti ya debe. Bi Tatu alikuwa amesimama, mkono kiunoni. "Nani huyo anayeimba kama tangazo la serikali? Mwanaidi ninayemjua mimi alikuwa hamalizi hata bismillahi ya huyu Karani! Zima hiyo!"

Hakuna aliyekuwa amempangia. Mimi nilikuwa mbali, upande wa wanaume, na nilitaka ardhi inimeze, kisha sikutaka tena. Zuhura alikitazama kitufe. Akakizima kwa mkono wake mwenyewe. Bi Tatu akaivuta kanga begani, akainamisha kichwa upande kama ulivyokuwa ukifanya, akaimba kwa lile debe lake, maneno mawili tu:

"Mwanangu, umesikia?"

Na wanawake wa Bigwa wote, pamoja na jogoo, wakaitikia kwa niaba ya mwali, kwani mwali hasemi: "Kasikia!"

Akaimba tena, wakaitikia tena. Ubeti wangu mzima ulikuwa umekaa ndani ya maneno hayo mawili, na hakuna kilichopungua. Mwali hatakiwi kucheka, Dada, lakini mabega ya Rehema yalikuwa yakiruka, na hakuna mkubwa aliyemkaripia. Zuhura alikuwa akilia na kuitikia kwa pamoja, jambo ambalo programu ile haiwezi, nimeuliza.

Jioni alifuta vyote nikiwa nimeketi karibu naye. Aliniomba asikie ule mstari wa majaribio mara ya mwisho. Nikamwambia masharti hayaruhusu. Kisha nikamwambia haya, bonyeza. Tukasikiliza, tukafuta.

Yule mama wa ng'ambo tumebaki naye. Ninamwandikia nyimbo, na anapoziimba zote bila kunipinga, najua kwamba bado hazijawa tayari. Ndipo ninapozipeleka Bigwa kwa wanawake, nao wananikatia. Nakuahidi kwamba nitaendelea kuzipeleka huko, wala sitaomba tena uimbe nisichokupa nafasi ya kukikataa. Kilemba chako anacho Zuhura. Mchicha wako tumepalilia.

Nilikuwa nimekuandalia hapa hitimisho lenye adabu zote zinazostahiki, mistari minne. Nimelisoma kwa sauti, kisha nimelikata.

Nimesikia, Dada.

Mdogo wako,
Karani