Nyumba Yangu ya Keko na Bei za Watu

Jumatatu, 5 Mei
Chapati arobaini, zimeisha saa tatu. Kama kawaida yangu. Dalali Mbwana kapita, anavyopitaga kila mwanzo wa mwezi. Vyumba mtaani vimefika elfu sabini, na wenye nyumba wanataka miezi sita kwa mkupuo. Nyumba kama yangu, milioni themanini. Siuzi. Lakini kuuliza bei si dhambi. Tuliijenga na marehemu Baba Zuhura, yeye kuli bandarini, mie na chapati zangu. Barazani ndipo Zuhura, binti yangu, ana karakana. Mwanamke fundi seremala! Kitanda chake hakilii hata ulalie na ukoo mzima. Mama mwingine anaye kama huyu? Amlete.

Jumanne, 3 Juni
Milioni tisini na tano. Mwezi mmoja tu! Nyumba ya kona imeuzwa, wapangaji wamepewa notisi, inavunjwa. Jioni kikao cha harusi kwa Mama Salma. Nikawatangazia wanawake wenzangu: mie nimekalia milioni mia. Tano nimeziongeza mwenyewe. Waliguna. Nilifurahi sana.

Alhamisi, 12 Juni
Shemeji Hamisi, mdogo wa marehemu, kaja kutoka Mbagala. Miaka minne hajakanyaga hapa. Hata hali hakunijulia. Kapita uani anahesabu milango. "Shemeji, nasikia tumefika milioni mia." Tumefika! Yeye na nani? Wakati wa kuondoka kasema nyumba ya kaka yake lazima iuzwe. Na aliyemfikishia habari namjua. Mdomo wangu.

Jumamosi, 14 Juni
Zuhura kaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi zimenyooka utasema kapima kwa rula. Nikaona tumemaliza kazi. Kumbe madalali wakisoma hivyo wanajua ndani kuna ugomvi, na kwenye ugomvi nyumba huenda kwa bei ya kutupa. Hadi magharibi wamegonga watatu. Nimewafukuza wote. Wa tatu kwa mwiko.

Jumatano, 2 Julai
Mia na kumi na tano. Safari hii sikucheka. Saa nne wakaja wanaume wawili na futi kamba, wanapima mpaka chini ya benchi la Zuhura. Wanasema Hamisi keshapokea advansi ya nyumba hii. Mwanangu kasimama na nyundo mkononi. "Braza, hapo ulipokanyaga ni ofisini kwangu. Kama hununui kitanda, njia ile pale." Wakakunja kamba yao. Kichwa kilinivimba kwa kujivuna.

Ijumaa, 4 Julai
Ofisi ya serikali ya mtaa, tumeitwa mie na Hamisi. Hamisi kaongea nusu saa, kaka yangu, kaka yangu. Mwenyekiti akauliza karatasi iko wapi. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa leseni ya makazi. Jina langu, peke yake. Siku tulipoandikisha, marehemu alisema mwenyewe: "Andika lako, Mama Zuhura. Ndugu zangu mie nawajua." Hamisi kaambiwa arudishe advansi ya watu. Katoka bila kuaga. Nikapiga kigelegele palepale mlangoni. Mwenyekiti akanikataza. Nikapiga kingine.

Jumanne, 5 Agosti
Wanasema nyumba milioni mia na thelathini, chumba elfu themanini. Mama Salma kaniuliza yangu imefika ngapi. Nikasema sijui. Ulimi uliniwasha, lakini sikusema. Chumba cha mbele nimempa dada mmoja mwenye mtoto mchanga, wa ile nyumba ya kona iliyovunjwa. Elfu sitini, mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wenzangu wananiona chizi. Waone.
Asubuhi hii nimekaa barazani. Zuhura anapiga randa. Vumbi la mbao limeingia kwenye chai. Nimeinywa hivyohivyo.