Mangaribi ya Bapishi Bakorea

Mama,

Ushindi ametoka sasa hivi kuinamia kuku. Si uongo. Alikamata mwiko mbili, akapiga-piga beseni ya kunawia, kisha akanyooka, akaweka mikono ku mapaja, akainamisha kichwa mbele ya kuku ya jirani sawa vile mutu iko nasalimia mukubwa. Akainama sana mupaka kichwa ikavuta mwili yote, akaanguka. Kuku ikakimbia. Mutoto akabaki chini iko nacheka peke yake, na mavumbi ku pua. Nikasema, hapana, hii lazima Mama aijue. Nikatafuta kalamu.

Unanijua, mimi si mutu ya kuandika. Niliishia mwaka ya sita. Na weye mwenyewe barua hukukuwa unapenda, ulikuwa unasema macho yako Mungu aliiumba ya kuchagua maharagi, si ya kuchagua herufi. Basi leo sikiliza tu.

Kwanza habari ya nyumba. Mvua ilinyesha vizuri. Kule ku kaburi yako tulipanda maua, mbuzi ikakula, tukapanda ingine. Kiti yako ya ku barabara njo mimi niko naikalia sasa, na karai yako ya mandazi njo niko natumia. Banunuzi balisema mandazi ya mama yako ilikuwa na chumvi kidogo, hii yako iko baridi ku ulimi. Nikaongeza chumvi. Sasa banasema imezidi. Lakini banakula.

Baba Ushindi angali Epulu, iko najenga manyumba ya bale banachunga okapi. Anakuja mwisho ya mwezi, kama barabara inakubali. Ni bwana muzuri, weye njo ulisema. Lakini toka uende, simu yake yote inaishia fasi moja: «Masika, funga nyumba ya mama, muende Marabo kwa dada yangu. Mimi niko mbali. Kukitokea kitu usiku, nani atakusikia?»

Nani atakusikia. Mama, nilikuwa nazima simu na ile neno inabaki ku sikio.

Wakati ulikuwa hapa, hata mutoto mudogo angemujibu. Weye njo ulikuwa wa kwanza kupiga sufuria ku avenyu yote. Mwizi akigusa ubao ya mulango ya mutu, ikuwe kwetu, ikuwe kwa Mama Ngabu pale ngambo ya njia, weye uko inje na kifuniko na mwiko, ngwa ngwa ngwa ngwa! Na avenyu inaitika, sufuria kwa sufuria, nyumba kwa nyumba, mupaka mwizi anasahau kile alikuja kuiba. Lakini nilikuwa najisemea, batu balikuwa banaitikia weye. Siye tulitoka Butembo. Mama Ngabu na bwana yake balizaliwa hapa, na babu zao, na mangombe yao. Wakati ya vurugu kila mutu alirudilia upande yake, na kisha ni weye ulienda kutafuta salamu tena, mulango kwa mulango, na mandazi mu sahani. Mimi sina ile moyo. Niko na haya. Toka tukuzike, mimi na Mama Ngabu tulibakia na salamu ya juu ya mudomo. «Jambo, Mama Ngabu.» «Jambo.» Basi. Siku hizi kumetulia, ni kweli, lakini ni kutulia ya kulala na jicho moja wazi. Sasa mutu analalaje na jicho moja wazi peke yake, na mutoto?

Nikakubali. Nikamuambia Baba Ushindi, ukija mwisho ya mwezi utupeleke Marabo. Nilianza hata kufunga masahani yako mu magazeti.

Ni mu ile juma bapishi balitangazwa.

Unabakumbuka. Ni bale tulionaga ku simu ya ule binti ya kitanda ya pembeni, kule hospitali. Bakorea bamevaa nguo nyeupe ya jikoni, banapiga sufuria na mbao na bisu, banakata shu, ile kabichi, inaruka mupaka juu, batu bote banacheka. Weye ulikuwa huwezi tena kumeza hata uji, lakini ulicheka mupaka binti akaogopa, akataka kuita muganga. Ukasema: «Banapiga sufuria na hakuna mwizi? Ile ni inchi gani?» Kisha ukafunga macho, ukasema: «Masika, hawa nitabaona siku moja.»

Basi gari ya matangazo ilipita mu kartie, mu mitaa yetu yote, na sauti ya kupasua masikio: bachekeshaji ya Korea, dunia muzima inabajua, bametoka Kampala, batacheza mara moja tu mu sale ya parokia, ile nyumba kubwa ya mikutano! Nikasema, naenda juu ya Mama. Mbele ya kuondoka Bunia, ile nitaifanya. Nikavaa kitenge yako ya maua mekundu, nikamubeba Ushindi ku mugongo, nikafunga mulango, nikaenda. Sikuaga mutu. Ningemuaga nani?

Mama, moyo ilianza kushuka mapema. Ku picha ya tangazo balikuwa bengi sawa vile kwaya. Ku gari balitelemuka bane, na mumoja iko nashika tumbo sababu ya barabara yetu mbaya. Mutangazaji, kijana mwenye kravati ya ku shingo refu kuliko yeye mwenyewe, akaongea, akaongea, mupaka batoto bakalala. Akasema bapishi bengine balibaki Kampala juu ya viza. Akasema tena moto ya jikoni hatutaiona, juu ya usalama. Mama mumoja nyuma yangu akalia: «Bapishi bila moto! Sasa tulikuja kukula nini?» Pale kidogo tulicheka. Ile njo kicheko ya kwanza, na haikutoka kwa Korea.

Kisha bakazima taa.

Weye unajua kile kilitokea. Najua uko nacheka hata mbele nimalize. Bale bageni, hakuna mutu alibaambia. Mu giza, mu Bunia, nyuma ya rido, ile pazia kubwa ya mbele, sufuria ikalia: ngwa ngwa ngwa ngwa!

Sale yote ikasimama.

Hakuna mwenye alicheka. Mukono yangu ilirudi nyuma kushika Ushindi mbele hata kichwa haijafikiri. Muzee mumoja pembeni yangu akauliza, na sauti ya chini kabisa, sauti ya mutu mwenye amekwisha kukimbia mara mingi mu maisha yake: «Ni upande gani?» Tukatulia tusikilize. Na inje, kartie ikaitika. Kwanza kule kwa bafundi ya pikipiki, banapiga jante, ile chuma ya magurudumu. Kisha huku juu. Kisha chini, kwetu. Nilijua ni kwetu juu ya pipa ya Papa Ngabu, ile inalia sawa vile ngombe yenye kukohoa. Mafilimbi. Imbwa. Makelele mupaka mbali.

Na unajua bale Bakorea balifikiri nini? Balifikiri ni furaha! Balifikiri Bunia muzima inabashangilia! Bakaongeza. Vile banaongeza, inje nayo inaongeza, juu batu ya inje balisema, maskini, kule ku parokia kumeharibika kabisa. Ushindi ku mugongo iko narukaruka, ni yeye peke yake alielewa kama ni muchezo.

Hapo rido ikafunguka, taa ikawaka, na bapishi bane bako pale na meno yote inje, kila mutu na kisu kubwa ku mukono. Na kwa mulango ya nyuma bakaingia bijana ya kartie, na fimbo na matorshi. «Iko wapi mwizi?»

Bijana bakaona bisu. Bapishi bakaona fimbo. Kisha mupishi mumoja, ule mwenye tumbo ilikuwa namuuma, akaweka kisu chini polepole, akaweka mikono ku mapaja, akainama. Akainama chini kabisa. Kijana wa mbele na fimbo yake hakujua afanye nini. Akaangalia benzake. Basi naye akainama.

Pale tulicheka. Lakini haikudumu. Mutangazaji akanyakua mikro: «Mutulie! Hakuna mwizi! Ni bachekeshaji!» Lakini inje batu bangali banakuja, na bakubwa ya usalama benye kuchunga bageni bakasema baingie mu gari sasa hivi, hakuna kungojea. Baliondoka na nguo yao ya jikoni. Shu moja ilibaki ku mbao, haikukatwa. Ule mama wa nyuma yangu akaiweka mu kikapu yake, akasema angalau mu nyumba yake batakula Korea. Tukaambiwa turudi nyumbani na amani.

Nililia kidogo ku njia. Ya nini nikufiche? Nilitaka kukuletea kicheko yenye kuenea, ile ulianza kule hospitali. Na kile niliona ni mutu mumoja kuinama. Nikasema: ona, Mama, hata kupiga sufuria bila mwizi kumetushinda. Twende zetu Marabo.

Vile nafika ku avenyu yetu, nikaona matorshi kwa lango yako. Batu bamejaa kwetu. Nikasukumana, nikaingia, nikaona mulango ya nyumba iko chini, imelala sawa vile mukeka. Na mu chumba yetu akatoka Mama Ngabu. Kitenge ameifunga upande ya ndani inje, kiatu moja tu ku muguu, muchi ya kutwangia majani ya sombe ku mukono, na utando ya buibui ku kichwa. Alikuwa anatafuta Ushindi chini ya kitanda.

Aliniona. Muchi ikaanguka. Alinyanganya mutoto ku mugongo yangu, akamushikashika miguu, mikono, akamunusa kichwa. Kisha njo akaanza kunitukana.

«Weye Masika! Siye tunapiga ku mulango mupaka mikono inavimba, nyumba kimya, tunasema bamebaua, kumbe weye uko kwa Bachina!»

«Ni Bakorea, Mama Ngabu.»

«Hata bakuwe Adamu na Eva! Mutu akitoka anaaga! Ulikosa mudomo? Mama yako alikuacha na mudomo!»

Papa Ngabu alikuwa anaangalia mulango sawa vile mutoto mwenye amevunja chungu. Akasema: «Nilisukuma kidogo tu. Mama yako naye, mbao alikuwa ananunua ile nyepesi.»

Nikabaelezea. Bapishi, rido, sufuria, kijana na fimbo yake. Kwanza hakuna mutu alielewa. Kisha Mama Ngabu akaniuliza: «Unasema siye bote tulitoka juu ya bapishi?» Nikasema njo vile. Akakaa chini palepale, juu ya mulango, akaanza kucheka. Mama, ile kicheko ilienda nyumba kwa nyumba. Niliisikia inashuka mupaka kwa bafundi ya pikipiki. Ushindi akaona batu bengi, akaweka mikono ku mapaja, akainamia bote. Bakaanguka tena.

Nilimuuliza Mama Ngabu kwa nini balikuja kwangu kwanza, na makelele ilikuwa natoka kule ku parokia. Akanishangaa, sawa vile nimeuliza kwa nini maji inashuka. «Nyumba yenye mama mumoja na mutoto njo ya kwanza. Ni mama yako alitufundisha. Ulifikiri tulimuzika na ile?»

Nilifikiri, ndiyo. Nilifikiri vile kabisa.

Ile usiku alimutuma binti yake mukubwa alale na siye juu nyumba haina mulango. Asubui Papa Ngabu akaja na nyundo. Sasa mulango inafungukia inje, na mara mingi ninajigonga. Siku ile yote hakuna mutu alipita bila kuniuliza: «Masika, leo Bakorea banapika nini?» Najibu, mandazi, na chumvi imezidi.

Masahani nimeitoa mu magazeti. Nimeirudisha ku kabati, ile ya maua mbele, vile ulikuwa unapanga. Baba Ushindi sijamuambia ku simu, ile neno ni ya kusema macho kwa macho. Leo njo siku anafika. Niko na woga kidogo, juu yeye ananipenda na woga yake ni ya kweli. Sitamuambia kama hakutatokea kitu. Nani anajua? Lakini nitamupeleka kwanza kwa Mama Ngabu amusalimie vizuri, akae, akunywe chai pale, asikie batu ya hapa banaongea nini juu ya mutoto yake.

Pumzika, Mama. Nimeona umeshacheka, basi pumzika. Amani si kitu ya mimi kukuahidi. Nakuahidi ya mukono yangu: sahani yako itatembea tena mulango kwa mulango, hata na ile chumvi, na Ushindi njo ataibeba mbele, na nikitoka nitaaga. Na siku ingine kama kuko

Ngoja. Pikipiki imesimama. Mama Ngabu njo wa kwanza kupiga kelele kule ku njia: «Masika! Bwana yako amefika! Toka, acha kuandika!» Ushindi amekwisha kukimbia, hana hata suruali. Naenda, Mama. Namuambia mbele hajatua kifuko, mbele hajakunywa maji, namuambia ya kama siye tunabaki hapa, na yeye