Kitone Chekundu Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali utafiti wa binti yangu! Barua imetoka chuo kikuu, ina muhuri. Mimi niliyeishia darasa la saba nimeisoma mara nne. Yeye ndiye daktari wangu wa viungo — mwenyewe husema si daktari, mimi nasema ni daktari. Anatafuta watu kumi na sita wenye maumivu ya shingo ya miaka mingi. Nikamwambia usihangaike, mwanangu. Katika kiwanda chetu cha kushona sare nani ana shingo nzima? Kufikia saa nane mchana nimempelekea majina yote. Mimi amenikataa. Eti mama mzazi haruhusiwi. Haya, nimekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Pacha, jirani yangu wa cherehani, amepimwa leo, kanisimulia yote. Unavishwa kichwani taa yenye kitone chekundu. Unakilenga katikati ya duara ukutani. Unafumba macho, unageuza kichwa, unakirudisha pale pale. Ukifumbua wanapima umekosea kiasi gani. Shingo ikiumwa miaka mingi husahau njia ya kurudi, ndivyo alivyoambiwa. Yeye alikosea vidole vinne!

Sasa nusu yao binti yangu atawanyoosha shingo mpaka mfupa ulie. Nusu atawawekea mikono tu. Hakuna anayeambiwa yuko kundi gani. Baada ya wiki mbili, kipimo tena.

Vidole vinne. Watu wangu hawa watamwaibisha mwanangu.

Jumanne, 11 Machi

Saa ya mapumziko nimewakusanya wote stoo ya vitambaa. Duara la chaki ukutani. Tochi nimeifunga kwa lastiki ya kiunoni. Fumba, geuza, rudi. Tena.

Mama Pacha: "Mama Daktari, umetugeuza vinyonga."

"Kinyonga hamkosi nzi wake," nikamwambia. "Wako amepita vidole vinne."

Wakacheka hadi msimamizi akachungulia. Wanne wamelenga katikati kabisa. Kesho tena.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi siku ya saba. Vichwa vinarudi kama mlango wenye springi. Kesho kipimo. Waje waone watu wa kwetu.

Ijumaa, 21 Machi

Nilimngoja binti yangu kwa bashasha. Akaingia, akaketi kitandani kwangu na viatu vyake.

"Mama, wote wamelenga. Hata wale ambao sikuwanyoosha."

Nikasema hongera, mwanangu.

Akaniangalia. Kisha akanieleza polepole, kama anavyoeleza wagonjwa. Aliyenyooshwa na asiyenyooshwa wakilingana, basi kunyoosha hakukusaidia kitu. Miaka mitatu ameifundisha mikono yake kazi hiyo. Atawaambia walimu wake hivyo hivyo.

"Si kosa la mtu, mama. Ndivyo ilivyo."

Nikamvua viatu, sikujua nifanye nini kingine.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Pacha anasema tufunge midomo kuhusu mazoezi yetu ya stoo, yaliyowafanya wote walenge. Tukisema, vipimo vyote vinatupwa, na binti anaanza upya. Kweli. Lakini tukinyamaza atasimama mbele ya watu aikane mikono yake mwenyewe, kwa sababu yangu. Na wenye shingo kama zetu wataambiwa dawa hii haifai, wala hakuna anayejua kama haifai.

Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili. Anaandika.

"Unataka nini, mama?"

Nikamuuliza kama ana njaa.

Jumapili, 23 Machi

Leo kanitafuta yeye. Mwalimu wake mmoja hajaridhika na matokeo. Anataka kukaa na watu wenyewe, awaulize mmoja mmoja walifanya nini na shingo zao wiki zile mbili.

"Wewe ndiye unayewajua, mama. Waambie waje wote. Nawe ukae mbele, nimeshawaambia walimu habari zako."

Nikaanza, "Mwanangu —" na simu yake ikalia, akatoka nayo nje. Bado anaongea, namwona dirishani, anashika shingo. Watu nimeshawapa habari kwa simu. Wanakuja wote kumi na sita, Jumanne saa tatu asubuhi.