Mkono Unaonata

Jumapili, 4 Machi 1956

Mvua tena. Ibada, kikao cha wazee wa kanisa, ndipo ugali. Mimi ndiye mwandishi wa kikao kwa kuwa wenzangu hawapendi kuandika, si kwa hekima.

Shauri la Mama Rehema, mjane jirani yangu. Leo alfajiri Mzee Yohana alipita kwake, akanusa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, utomvu wa mianzi. Kikaoni akasema ni pombe. Anayetaka mjane atengwe na kanisa, anyooshe mkono. Mikono sita. Kisha wa saba, wangu.

Nami nilipita kwake alfajiri hiyohiyo. Nilikunywa kikombe kizima. Ulikuwa mtogwa, umegemwa sasa hivi, mtamu, haulevyi hata kuku. Anamgemea mkwewe mgonjwa asiyeweza kula. Na mbeta kuukuu hunuka hata uioshe vipi. Wote mle ndani tunajua.

Mkono nilionyoosha ulikuwa bado unanata.

Akitengwa, bintiye Rehema hafungi ndoa kanisani Jumatatu ya Pasaka. Tangazo la kumtenga litasomwa Jumapili ijayo.

Jumatano, 7 Machi

Makambako, kwa lori. Tumeitwa walimu saba. Kuna Mzungu mgeni anachunguza fikra za watu. Nilidhani sifa za akili yangu zimemfikia.

Kadi moja ina mstari mmoja. Nyingine ina mitatu. Useme upi unalingana na ule. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza. Wenzangu sita wakatangulia kujibu: wa kwanza. Wote. Mimi naona wa tatu. Nikapangusa miwani. Nikaipangusa tena. Nikasema wa kwanza.

Mwisho wakaangua kicheko. Walikuwa wamepangwa wakosee, mimi tu sikuambiwa. Danieli wa Mlangali: "Mwalimu, miwani yako imeota ukungu?" Nilicheka kuliko wote. Moyoni sikucheka.

Alhamisi, 8 Machi

Lori limekwama kwenye tope. Nipo bado Makambako. Nimekunywa chai na yule Mzungu. Hakunidhihaki. Alisema hata kwao wengi hufanya hivyo. Nikamuuliza dawa yake. Akasema akitokea mmoja tu wa kutaja anachokiona, ulimi wa mwingine hufunguka.

Mmoja tu. Bora asingeniambia.

Jumamosi, 10 Machi

Nimemsimulia mke wangu yote. Akasikiliza, akipepeta maharage. "Kwa hiyo, baba, huyo mmoja unamngoja atoke misheni ya Ilembula?"

Nimekula kidogo.

Jioni Mama Rehema alinipungia kutoka shambani kwake. "Kamwene, Mwalimu!" Hajui lolote. Nikaitikia nikitazama viatu. Mimi ni mwoga. Niliandike hilo, maana sitalisema.

Jumapili, 11 Machi

Nimelisema.

Kabla ya ibada niliomba wazee tukutane chumba cha mchungaji. Miaka ishirini nafundisha, nami nikaanza sentensi ileile mara tatu. Nikasema niliunywa ulanzi ule, ulikuwa mtamu, na mkono niliounyoosha ulikuwa wa uongo.

Mzee Yohana: "Kumbe mwandishi wetu huanza na kikombe ndipo aje ibadani!" Wakacheka. Nikabaki nimesimama. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, na chumba kimejaa watu.

Kisha Mzee Tito akakohoa. Tangu achaguliwe sijawahi kuandika neno lake hata moja kikaoni. "Hata mbeta zangu zinanuka," akasema, "na mimi sinywi." Mwingine: "Na zangu." Yohana akawa anakagua kofia yake. Mchungaji akakunja lile tangazo, akalitia mfukoni. Halikusomwa.

Mimi nimevuliwa uandishi hadi Pasaka kwa kuficha nilichojua. Haki yangu kabisa.

Jioni nilikwenda kumwambia Mama Rehema kwamba mkono wa saba ulikuwa wangu. Akaingia ndani.

Jumatatu, 2 Aprili

Jua kidogo. Rehema ameolewa. Nilikaa benchi la nyuma, nikaimba vibaya.

Nje, Mama Rehema aligawa vikombe. Alinipita. Akarudi, akanishikisha kimoja, akaenda zake.

Mtogwa. Nimekunywa mbele za watu wote.

Sijanawa. Pembeni mwa ukurasa huu pana alama ya kidole gumba.