Bitana ya Pazia

Jumanne, 4 Machi
Mhariri anataka simulizi za walionusurika vita. "Za kuliza watu," kasema. Nikamwambia nitaleta za kweli. Kulia ni shauri lao.

Alhamisi, 6 Machi
Mshonaji, nyuma ya stesheni. Vyumba viwili: cha cherehani, na cha mama yake, hawezi kutoka kitandani. Akaurudisha mlango. "Usijali, dada. Kiziwi yule."

Wakati wa vita askari walimletea nguo azitie viraka. Siku moja likaja koti alilolishona mwenyewe — la kaka yake. Alijuaje? Bitana, kitambaa cha ndani. Vitambaa vilikuwa vimeadimika, mama yao akashusha pazia lake la maua. Aligeuza koti, akaona maua. Na matundu ya risasi. Akayaziba, askari kamsimamia.

Nikauliza: mbele au mgongoni? Akaomba nizime kinasa sauti. Nikazima. Akajibu.

Mama hajui. Anaamini mwanawe alivuka mpaka, akaoa, akasahau kwao. Kila asubuhi humtukana. "Matusi hayo ndiyo yanayomweka hai."

Ijumaa, 7 Machi
Shahidi mmoja si shahidi. Nimekwenda kwa kinyozi wa mtaa uleule. Koti analikumbuka: alimnyoa askari aliyelivaa, lilipovuliwa akayaona maua. Nikauliza: mkono haukutetemeka? "Ungetetemeka, dada, leo ungehoji kaburi." Kisha: "Na nywele zako hizo, nazo zimenusurika vita?" Nimecheka. Yeye hakucheka.

Habari imethibitika. Mhariri anaitaka Jumanne. Mshonaji anaomba nisubiri mama afe kwanza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwomba mhariri wiki moja. Kafoka, kisha kanipa.

Sasa niko kwa mshonaji. Ni mazoea yangu: kabla ya kuchapisha, msimuliaji asikilize maneno yake. Nje lori likanguruma, nikaongeza sauti ya kinasa. Kosa! Koti nililithibitisha kwa shahidi wa pili. Masikio ya mama sikuyathibitisha.

Kutoka chumba cha pili: "Pazia langu?"

Nimezima. Mshonaji ana pini mdomoni, hazitoi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

"We binti mwenye maswali! Nakuuliza."

Kitanda kinalia — anajaribu kushuka.

"Hayo matundu. Mbele au mgongoni?"

Mshonaji ameutazama mlango. Sasa ananitazama mimi.